Vyuma Viangukavyo Kutoka Angani: Saa Haijulikani, Wajibu Unajulikana

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Hata hivyo, mwamini ana haki ya kuuliza: ikiwa wataalamu hutaja dakika ya kupatwa kwa jua miaka mingi kabla, mbona watu wa Mukuku hawakuonywa?

Mwezi husafiri pasipo hewa ya kuuzuia. Setilaiti iliyozeeka, au kipande cha roketi, kikizunguka karibu na dunia hupita katika hewa nyembamba mno inayokipunguzia mwendo hadi kianguke. Hewa hiyo haina unene wa kudumu: jua linapochafuka, tabaka za juu za angahewa hupata joto, hutanuka, na msuguano huongezeka. Tena chombo kisichoongozwa hubiringika, mara kikitanguliza ubavu, mara ncha. Kwa hiyo wataalamu hukadiria kosa la takriban asilimia 20 ya muda uliobaki: zikibaki siku 10, wanaweza kukosea kwa siku 2; zikibaki saa 5, kwa saa 1. Chombo hicho hukimbia zaidi ya kilometa 7 kwa sekunde, hivyo kosa la saa 1 ni zaidi ya kilometa 25,000. Anayekosea saa hukosea na bara.

Basi, je, tuseme hakuna wa kulaumiwa? Hapana. Saa ya kuanguka haijulikani, lakini kwamba chombo kitaanguka hujulikana tangu siku kinaporushwa. Mnamo tarehe 23 Machi 2001, kituo cha Urusi kiitwacho Mir, chenye uzito wa tani zaidi ya 100, kiliongozwa hadi Pasifiki ya Kusini, mbali na makazi ya watu. Hapo wahusika hawakubashiri mahali, bali walipachagua. Kufanya hivyo hudai mafuta ya akiba, na mafuta ni uzito na gharama. Asiyetaka kuibeba gharama hiyo huihamishia kwa mkulima aliye shambani, ambaye hakuulizwa neno.

Ni kweli kwamba uwezekano wa mtu mmoja kupigwa na kipande cha namna hiyo ni mdogo sana. Lakini haki haipimwi kwa idadi ya majeruhi peke yake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaiwajibisha nchi iliyorusha chombo kulipa hasara kinayoleta duniani. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklia, ilipoanguka Kanada mwaka 1978, Kanada ilidai fidia na kulipwa dola milioni 3 za nchi hiyo. Mwanakijiji hana sauti ya kufika huko. Serikali yake ndiyo ipaswayo kumsemea.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, aliihimiza dunia kuitunza nyumba ya wote. Paa la nyumba hiyo nalo ni sehemu ya nyumba.

Wapendwa waamini, kikianguka chuma kwenu, msikiguse, kwani chaweza kuwa na sumu au ncha kali. Toeni taarifa kwa polisi au viongozi wa eneo lenu. Wala msisambaze ujumbe kwamba kiama kimewadia. Bwana wetu alifundisha kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye; hakufundisha hayo ili tuogope, wala ili tulale, bali ili kila mtumishi akutwe akitimiza wajibu wake. Fundisho hilo linawahusu pia wanaorusha roketi.