Mistari Isiyoonekana

Katika shule nyingi liko tufe juu ya meza ya mwalimu, yaani mfano wa dunia yetu. Limechorwa mistari mingi: mingine inalizunguka kama mikanda, mingine inashuka toka ncha ya kaskazini hata ncha ya kusini. Wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Sisi twaona kwamba ni hasara kubwa, maana mistari hiyo ndiyo anwani ya kila mahali duniani, na kwa kutoijua watu wengi wamepoteza maisha yao.

Tuanze na mikanda. Ule mkubwa wa katikati ni Ikweta, nao huhesabiwa sifuri. Toka hapo twahesabu digrii 90 kwenda kaskazini na digrii 90 kwenda kusini; hesabu hiyo huitwa latitudo. Digrii moja ni kilometa 111 hivi. Kwetu Kongo, Ikweta inapita karibu sana na mji wa Mbandaka, ndiyo sababu mkoa ule ukapewa jina lake. Tena inakata barabara kati ya Butembo na Lubero. Bukavu iko digrii 2 na nusu kusini, na Lubumbashi karibu digrii 12 kusini.

Je, mtu atajuaje latitudo ya kwao? Jua litamjibu. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama juu ya Ikweta. Siku hiyo simikeni fimbo ya meta moja, iwe wima kabisa, mkapime kivuli chake wakati kinapokuwa kifupi kuliko saa zote za mchana. Mtu wa Butembo hataona kivuli. Wa Bukavu atapima sentimeta 4 hivi. Wa Lubumbashi atapima sentimeta 21 hivi, nacho kitaelekea kusini. Basi, kadiri tunavyotoka Ikweta, ndivyo kivuli kinavyorefuka. Latitudo imeandikwa mbinguni, na mabaharia waliisoma tangu zamani.

Mistari inayoshuka toka ncha hata ncha ni jambo jingine. Hiyo hutupa longitudo. Yote ni sawa kwa urefu, wala hakuna mmoja uliowekwa na jua kuwa wa kwanza. Kwa hiyo ilipasa watu wapatane pa kuanzia. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, na wengi wao wakauchagua mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Toka hapo twahesabu digrii 180 mashariki na 180 magharibi.

Na longitudo yajulikanaje? Kwa saa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa muda wa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa moja. Kinshasa iko digrii 15 mashariki, basi wakati wake umeutangulia wa Greenwich kwa saa moja. Bukavu na Lubumbashi ziko karibu zaidi na digrii 30, nazo zatangulia kwa saa mbili. Ndiyo sababu ikiwa saa sita ya mchana Bukavu, Kinshasa bado ni saa tano. Vivyo hivyo baharia mwenye saa inayoshika wakati wa Greenwich huulinganisha na wakati wa jua lililo juu yake, akajua amefika longitudo gani.

Lakini zamani hapakuwa na saa iliyoweza kuvumilia mawimbi. Mwaka 1707 merikebu nne za Uingereza, ambazo wakuu wake hawakujua kwa hakika mahali walipo, ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly usiku, wakafa watu zaidi ya 1,000. Mwaka 1714 serikali ikaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kuijua longitudo baharini. John Harrison, mwana wa seremala, naye mwenyewe seremala, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutengeneza saa ya namna hiyo. Saa yake ya nne ilipelekwa Jamaika mwaka 1761, na ilipofika mwanzoni mwa 1762 ilikuwa imekosea sekunde 5 hivi tu.

Siku hizi simu ya mkononi hupokea ishara za setilaiti, ikatuonyesha latitudo na longitudo mara moja. Lakini chombo hakimsaidii asiyejua kukisoma. Tuseme mashua imeharibika ziwani karibu na Bukavu, nahodha akapiga simu kuomba msaada, akasema “digrii 2 na nusu kaskazini” badala ya kusini. Ukitafuta mahali hapo katika ramani utajikuta Uele, upande wa Wamba na Watsa, mbali zaidi ya kilometa 550. Neno moja tu, na waokoaji hawatafika.

Basi, enyi walimu, watoeni watoto nje pamoja na fimbo na rula siku ya jua la Machi. Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu jioni: kijiji chetu kiko digrii ngapi, na upande gani wa Ikweta? Mtoto awezaye kujibu hayo amejua mahali pake duniani.