Chujio jipya si nguvu mpya za injini

KATIKA maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, chujio la hewa lenye umbo la pia huuzwa kama dawa ya injini hafifu. Kijana mwenye Subaru Impreza hulinunua, hung'oa kasha la kiwandani, na gari likinguruma huamini limepata nguvu.

Kilichoongezeka, aghalabu, ni kelele. Chujio lililo wazi chini ya boneti huvuta hewa moto, nayo ni nyepesi. Joto la hewa hiyo likipanda kwa nyuzi 10, injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu. Kasha linalodharauliwa liliundwa livute hewa baridi ya nje.

Hatari kubwa zaidi imo katika hesabu. Petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili gramu moja iungue kikamilifu, na kompyuta ya gari hukadiria mafuta kwa kutegemea kitambuzi kilicho ndani ya bomba la hewa. Ukibadilisha upana wa bomba hilo bila kuirekebisha kompyuta, kitambuzi hudanganya. Mafuta hupungua, joto hupanda, na pistoni huweza kupasuka, hasa kwenye injini ya turbo.

Isitoshe, mengi ya magari haya yaliundiwa Japani, ambako petroli ya daraja la juu huanzia oktani 96. Super yetu ya kawaida haifiki hapo.

Anayestahili kulipwa kwanza, basi, ni fundi wa kurekebisha kompyuta, mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko kwenye ekzosi. Naye ni ghali. Asiyemmudu na abadilishe chujio la karatasi kwa wakati, kasha alirudishe.