Mtoro wa Dawa, au Kafungwa na Kusi?

Tuseme mvuvi Mbajuni wa kisiwa cha Chula, kusini mwa Somalia, ana kifua kikuu na dawa zake ziko Kismayo. Dozi ni ya miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Upepo wa kusi ukichafua bahari, mashua inapandishwa pwani. Akikosa dawa miezi miwili mfululizo, kanuni za Shirika la Afya Duniani zinamhesabu miongoni mwa waliopotea. Hadi 2013 jina lake rasmi lilikuwa karibu na utoro, na midomoni jina kama hilo halifutiki upesi.

Watakwimu nao wana kosa lao, nalo ni wastani. Wagonjwa wawili wamekosa siku 18 kati ya 180. Wote wanaandikiwa asilimia 90. Mmoja alisahau siku moja moja, mwingine alikatika siku 18 kwa mpigo. Kwa vimelea, hao si sawa hata kidogo. Ndiyo maana mwaka 2012 mtafiti Bernard Vrijens na wenzake walitaka mambo matatu yapimwe mbalimbali: kuanza dawa, kuzimeza ipasavyo, na kuziacha.

Gumu zaidi ni asiyeonekana. Mbinu ya Kaplan na Meier ya 1958, ya kukadiria muda wa kuishi, huchukulia kwamba aliyetoweka hali yake ni kama ya aliyebaki. Kwa Wabajuni, ambao tangu vita vya 1991 wengi wamekimbilia Lamu na Mombasa, dhana hiyo haisimami. Huenda aliyetoweka anameza dawa za daftari la kituo kingine, huenda keshazikwa. Kule Mbarara, Uganda, watafiti wa wagonjwa wa VVU walichagua baadhi ya waliopotea, wakawafuata hadi majumbani. Makadirio ya vifo yakapanda mara kadhaa.

Watakaosema mgonjwa asimamiwe kituoni hawasemi ovyo: dawa ikikatika huzaa usugu. Mwitalia Annalena Tonelli, alipoanza kutibu kifua kikuu kwa wafugaji wa Wajir, Kenya, miaka ya 1970, aliwaweka kwenye vibanda karibu na kituo, wakatibiwa wakaondoka. Lakini mvuvi aliyeketishwa Kismayo nusu mwaka, nani atavua kwa ajili ya wanawe?

Kwangu mimi, heri apewe vidonge vya kutosha kabla bahari haijafunga, na awepo mtu Chula wa kumtazama akimeza. Wachache kati ya waliopotea watafutwe kila msimu, hata kwa simu za jamaa walio Mombasa. Na tarehe ya mwisho ya kuonekana iandikwe pamoja na upepo uliokuwa ukivuma.