Matairi ya theluji kwenye joto la Dar

Wadau, kuna jambo linanikera siku nyingi na leo acha niliseme. Nenda kwenye yadi yoyote ya magari yaliyotumika hapa Dar, utamsikia muuzaji akisifia matairi: "Bosi, hayo yamekuja na gari, ni ya Japani yenyewe, bado mapya." Mnunuzi anapiga teke tairi la mbele (sijui nani alitufundisha hili teke, na sijui linapima nini), anaona meno bado marefu, anatabasamu. Baada ya hapo wanahamia kwenye redio na kamera ya nyuma. Hakuna aliyeinama kusoma kilichoandikwa ubavuni.

Wakati mwingine kilichoandikwa ni STUDLESS, kwa herufi kubwa kabisa. Maana yake ni kwamba umeuziwa tairi la theluji.

Historia yake ni fupi. Wajapani wa kule kwenye baridi kali, Hokkaido na majirani zake, walikuwa wakitumia matairi yenye vipini vya chuma ili yang'ang'anie barafu. Vile vyuma vikawa vinakwangua lami na kutimua vumbi mijini, watu wakalalamika, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyadhibiti. Kabla ya hapo, mwaka 1988, Bridgestone walikuwa wameshaingiza sokoni Blizzak, tairi lisilo na chuma chochote. Linakamata barafu kwa mpira laini uliochanjwa vichanjo vyembamba vingi sana, kama mtu aliyeukatakata kwa wembe. Yokohama wana iceGUARD, Dunlop wana Winter Maxx, Toyo wana Garit. Yote ni matairi mazuri. Narudia, mazuri. Tatizo ni mahali yanapotumika.

Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi la theluji limetengenezwa ili hapo libaki laini. Sasa geuza hesabu hiyo uilete kwetu. Dar mwezi wa Desemba joto la hewa linagusa nyuzi 31 au 32, na lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kupita 50. Ule mpira uliotengenezwa uwe laini kwenye barafu unakuwa kama ubani. Vile vichanjo vinavyong'ata barafu vinafanya meno yacheze huku na huku, gari linaposimamishwa ghafla linateleza mbele kidogo zaidi, na kwenye kona usukani unakuwa mzito kuitika. Umbali wa kusimama unaongezeka kwenye lami kavu, na hata kwenye lami yenye maji wakati wa joto. Tairi lenyewe linaisha haraka kama sabuni iliyoachwa kwenye beseni. Kwa lugha ya mtaani, ni sawa na kuvaa koti la manyoya Manzese saa saba mchana, ila koti halitakuua.

Yanafikaje huku? Wala si njama. Mwenye gari wa maeneo yale ana seti mbili, anafunga za theluji Novemba au Desemba na kuzivua majira ya kuchipua. Akiuza gari wakati wa baridi, linakwenda mnadani na kilichofungwa siku hiyo. Halafu kuna jambo watu wetu hawalijui. Tairi hili likiwa jipya lina kina cha milimita 8 hadi 10 hivi. Likifika nusu linaonyesha alama maalumu katikati ya meno, na Mjapani anajua kuwa kwake limekwisha kazi, halifai tena kwa theluji. Kwetu hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoitwa "bado mapya".

Na sasa ndipo hasira yangu inapoanzia. Gari la familia hapa mjini wiki nzima linashinda kwenye foleni, na kwenye foleni ya Ubungo hata tairi la mbao lingefika. Lakini ikifika Desemba, Noah lilelile linapakiwa baba, mama, watoto wanne, dada wa kazi, mchele na zawadi za bibi, safari ya Moshi, kilomita zaidi ya 500. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, halafu lile joto la Same saa nane mchana. Gari limejaa, mwendo umepanda, lori limesimama bila taa mbele ya kona. Pale ABS haitakusaidia sana. ABS inazuia magurudumu yasijifunge, haiwezi kuongeza ung'ang'anizi ambao mpira hauna.

Nimesikia utetezi mwingi. Wa kwanza: "Kwenye matope yanafaa." Hapo watu wanachanganya. Ile alama ya M+S ni kweli inataja matope na theluji, lakini inaweza kuwepo hata kwenye tairi la kawaida la gari la porini. Alama inayothibitisha tairi la theluji ni ule mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Wa pili: "Mbona Njombe na Makete kuna baridi?" Ipo, na Kitulo asubuhi ya Julai nyasi zinaganda umande. Lakini saa nne jua likishatoka lami imeshapata joto, na hakuna anayeendesha juu ya theluji huko. Utetezi wa tatu ndio wa kweli: pesa. Nauelewa. Ila mtu huyohuyo aliyesema hana pesa ya matairi manne, wiki moja baada ya gari kutoka bandarini ameshabadilisha redio na kuweka rimu zinazong'aa. Hapo kwa kweli tusidanganyane.

Wadau mlioko ughaibuni, kwenu mambo yanageuka, na msije mkaninukuu vibaya. Ukiwa Quebec, sheria iliyoanza majira ya baridi ya 2008 inakulazimisha kufunga matairi hayo, na sasa muda wake ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Ujerumani wanaangalia hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 wanakubali tu yenye ile alama ya mlima. Funga yote manne. Kuna wabeba boksi wanafunga mawili mbele tu kwa kuwa ndiyo yanayovuta gari. Kona ya kwanza yenye barafu, nyuma inakuja kukusalimia mbele. Na majira ya baridi yakiisha yavue, usingoje Agosti.

Turudi nyumbani. Siku unayonunua gari, chuchumaa. Soma maneno ubavuni, tafuta mlima na chembe ya theluji. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye kile kidude kilichozungushiwa duara: 3818 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2018. Kampuni kubwa nyingi zinasema tairi likifikisha miaka 10 litolewe hata kama meno yapo. Kisha saizi, mathalani 195/65R15 91Q. Hiyo 91 ni uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja, usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Q ni mwendo wa juu, kilomita 160 kwa saa, na haina neno, nani anakimbia hivyo. Ukinunua, nunua ya kawaida, manne yanayofanana. Ikibidi mawili kwanza, yawe ya aina moja na haya yaliyobaki, na mapya yaende nyuma. Najua fundi atabisha, atasema mbele ndiko kwenye kazi. Mwache abishe, lakini yafungwe nyuma, kwa sababu gari likiteleza mbele unapunguza mwendo, likiteleza nyuma linakuzungusha. Usichanganye ya theluji na ya kawaida kabisa.

Upepo ujazwe matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo cha kile kibandiko, si kwa kubonyeza na kidole gumba. Nati zikazwe kwa kupishana, na baada ya kilomita 50 hadi 100 uzikague tena.

Limebaki moja. Ukishafungiwa mapya, fundi atakwambia, "Hizi kuukuu niachie, bosi." Jioni hiyohiyo zitakuwa kwenye teksi fulani, na wiki ijayo huenda dada yako yumo ndani. Lipia kidogo zikatwe ubavuni kwa kisu ukiwa umesimama hapo hapo. Bado zitatoa katambuga nzuri tu.