Faida ya kampuni ya saa haihesabu pumzi za mwanao

POSTI YA 1

Mama zangu na dada zangu wa Kendwa, Nungwi, Kidoti, Matemwe, na nyie mlioko mjini na Maskati mnaonisoma usiku mkishalaza watoto. Niliahidi leo kuandika juu ya uji wa mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na baba watoto wenu. Ukimaliza kusoma mpe simu na yeye asome.

Zamani barzani kulikuwa na Simba na Yanga, basi. Siku hizi kuna saa za mkononi. Nasema kweli, pita pale jioni usikilize. Vijana wa hotelini wamezijua kwenye mikono ya wageni, papasi wamezijua kwa vijana wa hotelini, na sasa kila mtu mtaalamu. Na wala hawazungumzi kama saa inakwenda sawa au inapotea. Wanazungumza mauzo! Kampuni fulani imekua asilimia ngapi mwaka huu, faida imefika wapi, nani kampita nani. Mtu hana hisa hata moja lakini anashangilia faida ya Mzungu na Mchina kama vile kesho italetwa kwake kwenye kapu.

Ningenyamaza. Kila mtu na starehe yake, na mpira nao hauna faida kwa anayeshangilia. Lakini mazungumzo haya yameshavuka barza yakaingia chumbani kwa mzazi, na hapo ndipo yanaponihusu mie.

POSTI YA 2

Kwanza tuzipokee hizo hesabu wanazozipenda, tuone zinasema nini.

Rolex, ambayo kila kijana anaapa kwa jina lake, haitangazi hesabu zake hadharani. Ni mali ya wakfu wa Hans Wilsdorf, yule mwanzilishi aliyeanza biashara London mwaka 1905. Haina wanahisa wa sokoni wa kuwatolea ripoti. Zile namba zinazozunguka kila mwaka ni makadirio ya watu wa nje, benki ya Morgan Stanley na washauri wa LuxeConsult. Wao walikadiria kwamba mwaka 2023 mauzo yalipita faranga za Uswisi bilioni 10. Inawezekana wamekaribia kabisa. Lakini mnagombana barzani mpaka mishipa inasimama shingoni, kwa namba ambazo mwenyewe hajazisema.

Swatch Group wao wanatangaza. Mwaka 2023 waliuza kwa faranga bilioni 7.9 hivi, na faida halisi ilikuwa milioni 890. Mwaka 2024 mauzo yakashuka hadi bilioni 6.7 na faida ikaanguka hadi milioni 219. Yaani faida imebaki robo! Sasa niambieni: saa zao ziliharibika mara nne ndani ya mwaka mmoja? Dakika yao ikawa na sekunde 15? Hapana. Wachina walipunguza kununua, basi.

Tuje kwa wale wanaowaita "kampuni yetu ya Afrika", Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, na oraimo wanaouza saa janja na vya kuchomeka masikioni. Kampuni ni ya Shenzhen, China, na hisa zake zinauzwa Shanghai tangu mwaka 2019. Faida yao ya mwaka 2023 ilipita yuan bilioni 5.5, zaidi ya maradufu ya mwaka uliotangulia. Hongera zao, wamejua kuuza, na simu hii ninayoandikia ni yao. Lakini hata hapo, faida maradufu haina maana kwamba kitu ulichonunua kinapima maradufu.

Ripoti ya fedha inajibu suala moja tu: pesa ngapi imeingia, ngapi imetoka. Mwenye hisa ana haki ya kuisoma mpaka herufi ya mwisho. Waliozinunua za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 mwaka 2017 waulize kila mwaka, ni pesa yao. Lakini wewe mwenye mtoto mwenye kifua, suala lako ni jengine.

POSTI YA 3

Sasa nieleze kwa nini nimekasirika.

Kaja mama na mtoto wa miezi minane. Baba yuko nyuma, kavaa vizuri, mkononi ana saa janja isiyo na jina linalojulikana, kaletewa na jamaa yake. Mtoto kakohoa siku ya tatu. Nauliza, kwa nini hamkuja jana? Baba ananijibu kwa adabu kabisa: "Nesi, jana oksijeni ilikuwa 97. Na usiku pia." Nikamuuliza umepimia nini. Akanionyesha mkono. Alikuwa akimfunga mtoto ile saa pajani.

Nikamvua mtoto fulana. Mbavu za chini zinazama kila akivuta pumzi. Nikahesabu dakika nzima: 68. Kipima oksijeni chetu cha kidoleni hakikusema 97, hakikukaribia. Akawekewa oksijeni pale pale. Kapona, alhamdulillahi, lakini alilala siku sita.

Yule baba si mjinga. Ni baba aliyeamka usiku kumpima mwanawe, na wangapi wanaamka? Nilipomuuliza nani kamwambia saa inaweza kupima mtoto, jawabu lake ndilo lililonikaa rohoni: "Nesi, hizi saa sasa zinauzwa dunia nzima, zingekuwa uongo zingenunuliwa vipi?"

Hapo ndipo barza inapoishia. Mtu kasikia kila jioni kwamba biashara ya saa inakua, inakua, na kichwani mwake "inanunuliwa sana" imegeuka kuwa "inasema kweli".

Jaribio dogo, mlifanye nyumbani. Chukua saa janja ya bei poa, ifunge kwenye ndizi, iwashe kipimo cha mapigo ya moyo. Nyingi zitakuletea namba. Mie ya jirani yangu ilinipa 84. Ndizi ina moyo mzima wa afya, mashaallah. Ile taa ya kijani inamulika, mwanga unarudi, na programu inatafuta kitu kinachofanana na mapigo, isipopata nyengine zinakisia tu.

POSTI YA 4

Najua mtakaloniambia: nesi, hizo ni za bei poa, zile za maana hazifanyi hivyo.

Haya, tuchukue ya maana kuliko zote. Apple, kampuni iliyopata faida inayozidi dola bilioni 90 kwa mwaka wake wa hesabu wa 2024. Saa zao zilianza kupima oksijeni mwaka 2020. Na wenyewe, kwa maandishi yao, wanasema kipimo hicho si cha matumizi ya tiba, na ni cha mtu wa kuanzia miaka 18. Miaka 18, jamani! Mwenye faida kubwa hivyo anaogopa kusema saa yake ipime mtoto, halafu ya dukani isiyo na jina wala anwani ndiyo tuiamini?

Samsung wana saa zenye kipimo cha presha. Maelekezo yake yanataka uisawazishe na mashine ya presha ya kubana mkono, na urudie kila baada ya siku 28. Maana yake hata wao wanajua mashine ya mkono ndiyo mama. Mama kijacho, nakuomba sana: presha yako ya ujauzito ipimwe kliniki kwa mashine ya kubana mkono. Ukiumwa na kichwa kisichoachia, macho yakiona vimulimuli, au uso na mikono ikivimba ghafla, usiangalie saa hata ikikuonyesha 110 kwa 70. Njoo. Kifafa cha mimba hakisubiri betri ijae.

Na sukari ndiyo kabisa. Tarehe 21 Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari peke yake bila kutoboa ngozi. Hata moja. Ukiona dukani boksi limeandikwa inapima sukari, mwachie mwenye duka boksi lake. Mtu anayejichoma sindano ya insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza kuzimia asiamke.

Nisiseme uongo na mie: kwa mtu mzima anayetaka kujua katembea hatua ngapi, saa janja ni nzuri. Avae.

POSTI YA 5

Kuna jambo moja hawa wapenzi wa saa hawalizungumzi kabisa, na ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 1707 daktari mmoja wa Uingereza, John Floyer, alitoa kitabu juu ya saa ya kupimia mapigo. Alimtengenezesha fundi saa inayokwenda dakika moja kamili, isimame, basi, ili ahesabu mapigo ya mgonjwa bila kubahatisha. Haikuwa na dhahabu wala almasi, dakika moja tu.

Na mpaka leo kazi hiyo haijabadilika. UNICEF wana kisaa kidogo cha wahudumu wa afya wa vijijini, kinalia sekunde ya 30 na kinalia ya 60, hakina kazi nyengine duniani. Kikilia mara ya pili, muhudumu keshajua kama mtoto ana dalili ya nimonia au hana.

Wewe huhitaji hata hicho. Casio ile ya plastiki, F-91W, ambayo babu zetu na wajukuu wote wamevaa, inaonyesha sekunde. Kitochi chako kina sekunde. Fanya hivi:

Subiri mtoto atulie. Asiwe ananyonya, asiwe analia. Akilala ndiyo vizuri. Pandisha nguo uone tumbo na kifua. Tumbo likipanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, kwa sababu watoto hupumua kwa mkupuo halafu wakatulia.

Mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka, rudia kuhesabu, na ikiwa bado hivyo mlete mara moja. Miezi 2 mpaka 11, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Akiwa na kikohozi au taabu ya kupumua na namba imefika hapo, ni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na hizi hazitaki hesabu: mbavu za chini zinazama akivuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, kapata degedege, au kalegea hata ukimwita haamki. Hapo ni hospitali sasa hivi, iwe usiku wa manane. Usingoje gari ya 116 ya asubuhi. Gonga mlango wa jirani mwenye gari, hata mwenye gari ya watalii, atakuelewa.

Baba watoto, hii kazi ni yako pia. Wewe ndiye mwenye saa. Usiku mama kachoka, shika mtoto, tazama tumbo, hesabu. Namba utakayoipata ndiyo ya kupeleka barzani, useme: wangu leo 36, na wako?

Kama una mtoto anayekohoa wakati unasoma hapa, hesabu sasa, niandikie chini umri wake na namba uliyopata. Nikitoka zamu nitawajibu mmoja mmoja. Lakini kama imefika hizo nilizotaja usikae kunisubiri mie nijibu, vaa buibui utoke.

Posti ijayo ni ule uji.