“Jambo Dogo Tu”: Fundi, Mteja na Mapatano Yasiyoandikwa

Kila askari ajua amri ni nini. Amri ina mtoaji wake, ina wakati wake na ina mpaka wake. Na ikibadilishwa, yule aliyeitoa ndiye aibadilishaye, naye hujibu kwa matokeo yake. Mtu afanyaye kazi ya kujitegemea hana utaratibu wa namna hiyo. Yeye ana mteja, na mteja leo ataka hili, kesho ataka lile. Jambo hili twapenda kulichambua mbele ya ndugu zetu wa jeshi na polisi, kwa kuwa wao wahusika nalo mara mbili: wao ni wateja, na tena wao ndio waitwao ugomvi unapozuka.

Wanaoishi kwa kazi za namna hii ni wengi hapa Uganda. Wamo waashi, maseremala, wachoraji wa ramani, wapiga picha, wafasiri, na siku hizi vijana watengenezao programu za kompyuta. Hawana mshahara wa mwezi wala likizo ya kulipwa. Riziki yao ni bei waliyopatana na mteja, na bei hiyo ikiliwa na kazi isiyolipwa, hawana pengine pa kushika.

Tuchukue mfano wa nyumba. Mteja na mwashi wamepatana kwa mdomo vyumba viwili na mlango mmoja. Ukuta umekwisha simama, ndipo mteja asema dirisha lihamishwe upande wa pili. “Ni jambo dogo tu,” asema. Kwa fundi si dogo. Matofali yatavunjika, saruji iliyokwisha kauka haitarudi mfukoni, na vibarua wataka ujira wao jioni ile ile. Juma la pili mteja ataka baraza. Juma la tatu alalamika kwamba kazi imechelewa, na kwa sababu hiyo azuia malipo ya mwisho. Kijana wa kompyuta naye yumo katika shida hiyo hiyo: aliombwa orodha ya bidhaa za duka, kisha aambiwa aongeze hesabu za mauzo, kisha mishahara ya wafanyakazi, yote kwa bei ya orodha.

Si sahihi kudhani kwamba wateja wote hao ni watu wa hila. Chanzo hasa ni kwamba bei ilitajwa kabla kazi haijaelezwa. Mteja huona kitu anachokitaka. Fundi huona siku na jasho litakalopotea. Pasipokuwa na maandishi, kila mmoja hukumbuka mapatano kwa namna imfaayo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika jiji la New York, nchini Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 15 Mei, 2017 yaagiza kwamba kazi ya kujitegemea yenye thamani ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Malipo yatolewe siku iliyotajwa, au kama haikutajwa, katika siku 30 baada ya kazi kumalizika. Tena mteja hana ruhusa ya kumwambia mfanyakazi aliyekwisha anza kazi kwamba akubali pungufu ndipo alipwe kwa wakati. Tarehe 28 Agosti, 2024 sheria ya namna hiyo ilianza kutumika katika jimbo zima la New York.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 yataka mapatano yazidiyo shilingi 500,000 yawe ya maandishi. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 zamwezesha mtu kudai deni lisilozidi shilingi milioni 10 mahakamani, pasipo kuweka wakili. Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Kilichobaki ni wananchi kuzijua njia hizo na kuzitumia.

Hapa ndipo twawageukia polisi. Mteja aliyekasirika hukimbilia kituoni na kusema kwamba fundi amemla fedha zake. Yafaa askari aulize kwanza: Je, fundi alizipokea fedha hizo akiwa na nia ya kudanganya tangu mwanzo? Kama ni hivyo, hiyo ni jinai, na sheria ichukue mkondo wake. Lakini kama kazi ilianza, na ubishi ni juu ya dirisha au baraza, hayo ni madai, na mahali pake ni mahakamani. Kumlaza mwashi mahabusu kwa ajili ya baraza ni kukigeuza kituo cha polisi kuwa ofisi ya kukusanya madeni.

Kwa ndugu zetu wote wenye sare twaongeza neno moja. Mkulima amwambiapo fundi “ongeza hapa”, fundi aweza kubisha. Askari asemapo maneno hayo hayo, fundi huogopa, hunyamaza, kisha huenda kwa watoto wake bila kitu. Kunyamaza huko si kukubali. Kwa hiyo mwenye sare ndiye apaswaye kutangulia kusema: “Hili ni la nyongeza, bei yake ni kiasi gani?”

Mafundi nao wana wajibu wao. Asiyeandika, asiyetaja siku ya kumaliza, na apokeaye fedha za kazi tatu kwa wakati mmoja, huyo ajitafutia ugomvi mwenyewe.

Dawa yenyewe haina gharama kubwa. Karatasi moja yatosha: kazi ni ipi, bei ni ngapi, malipo ni lini, na kila badiliko lina bei yake, pande zote mbili zitie sahihi mbele ya shahidi. Kazi ikiisha, mteja asitafute sababu. Dawa ya deni ni kulipa.