Folda ya Muda Ikifungwa, Sasisho Lipite Wapi?

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Skuta, Nyeri, huwa hazina nafasi hata ya kupiga chafya. Watu wanakimbizana na tarehe 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA). Pembeni mwa skrini kijidirisha kinasema sasisho limeshindikana. Mhudumu anakifunga, kama alivyokifunga jana na juzi, kisha anamwita mteja anayefuata.

Sasisho hukwama kwa sababu nyingi: mtandao wa kusuasua, diski iliyojaa. Lakini ipo moja isiyoshukiwa, kwa kuwa huwekwa na fundi wa mwenye saiba mwenyewe, tena kwa nia njema. Folda ya muda imefungwa.

Folda hiyo ni kama steji ya matatu. Kila programu hushusha mzigo wake hapo, huufungua, huchukua inachotaka na kwenda zake. Na kama ilivyo stejini, wezi nao hupapenda. Septemba 2013 kilipozuka CryptoLocker, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia, wataalamu walishauri Windows izuiwe kuendesha programu kutoka folda za AppData na Temp. Kinga ilikuwa ya maana. Ila visakinishi halali navyo hufungulia vifurushi vyao hukohuko, vikajikuta vimekamatwa pamoja na mwizi.

Kwenye Linux mambo ni yaleyale. Wasimamizi wa seva huiwekea /tmp sharti la noexec: faili zikae, zisomwe, lakini zisiendeshwe. Miongozo ya usalama ya CIS (Center for Internet Security) yenyewe inapendekeza hivyo. Sasa, katika Debian na Ubuntu, apt hufungua hati za maandalizi ya baadhi ya vifurushi ndani ya /tmp na kujaribu kuziendesha papo hapo, na mfumo hujibu kuwa ruhusa imekataliwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo nje kidogo ya mji wa Nyeri, anaweza kumaliza alasiri nzima akiulaumu mtandao, kumbe kikwazo ni neno moja ndani ya /etc/fstab, lililoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi.

Fundi mwenye haraka huling'oa kufuli lote, sasisho likapita, akalipwa. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Apt ina mpangilio uitwao APT::ExtractTemplates::TempDir, unaoielekeza kwenye folda nyingine, ambayo root peke yake anaweza kuandika ndani yake. Windows nayo inaweza kuruhusu programu zenye sahihi ya kidijitali ya kampuni inayoaminika, nyingine zikabaki nje. Watengenezaji wa programu nao wasijifiche: anayegeuza steji kuwa karakana yake asishangae askari akimfukuza.

Kuacha sasisho likwame si jambo dogo. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba pengo la usalama katika Windows tarehe 14 Machi 2017. WannaCry, programu nyingine ya kufunga faili na kudai fidia, ikalipuka tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, ikaenea katika nchi zaidi ya 150 na kuzilazimu hospitali za Uingereza kuahirisha miadi ya wagonjwa. Iliingia palepale ambapo kiraka hakikuwa kimewekwa. Kompyuta ya saiba hupitiwa na vitambulisho vya taifa, PIN za KRA na nywila za eCitizen za mtaa mzima, watu ambao hawajui hata jina la fundi aliyeifunga.

Kwa hiyo, kabla ya Juni nyingine, mwenye saiba amwulize fundi wake: ulifunga nini, na umeandika wapi? Ukurasa mmoja wa daftari la Kasuku unatosha: tarehe, folda iliyofungwa, programu zilizoruhusiwa kupita, na namba ya simu ya fundi.